Mapunye ya kichwani yasiyoisha: namna ya kuyatibu nyumbani hadi nywele zirudi

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa pomadi peke yake. Naanza na hilo kwa sababu hapa Goma, kuanzia Ndosho hadi Birere, pesa za wazazi zinaishia kwenye vikopo vya pomadi, na mtoto anabaki na madoa yaleyale mwaka mzima. Fangasi inayoleta mapunye haikai juu ya ngozi tu. Inashuka kwenye kishimo ambamo unywele huota, kisha inaingia ndani ya unywele wenyewe, na huko pomadi haifiki. Dawa inayofika ni ya kumeza: inapita kwenye damu na kujengeka ndani ya unywele mpya kadiri unavyoota. Unywele huota polepole, ndiyo maana matibabu haya ni ya wiki nyingi, wala siku tano hazitoshi.

Kituo cha afya kitakupa vidonge. Vifanye kazi au visifanye, hilo liko mikononi mwako nyumbani: chakula anachokula navyo, kunyoa, kuosha, vitana, shuka, ndugu zake wanaolala naye, na moyo wa kutoacha katikati.

Kwanza hakikisha ni mapunye

Ugonjwa huu ni wa watoto, hasa wa miaka 3 hadi 14 hivi. Mtoe mtoto nje mchana, umkague kwenye mwanga wa jua huku ukitenganisha nywele kwa vidole. Utakuta doa la mviringo, moja au mengi, lenye magamba makavu ya kijivu, na nywele za hapo zimekatika. Pengine zimekatikia usawa wa ngozi, unaona vidoti vyeusi tu. Pengine hakuna upara wowote, ila magamba yametapakaa kichwa kizima, na hapo ndipo wengi wanadanganyika wakasema ni mba. Mtoto wa miaka sita mwenye magamba kichwani yasiyokwisha, mshuku mapunye mpaka ionekane sababu nyingine. Gusa pia nyuma ya masikio na kisogoni: mara nyingi kuna tezi ndogo zilizovimba.

Yako magonjwa yanayofanana nayo. Upara laini, wa mviringo, usio na gamba hata moja, si wa fangasi, na dawa za fangasi hazitausaidia. Msichana aliyepungukiwa na nywele juu ya paji la uso na pembeni mwa masikio, mtazame anavyosukwa: nywele zinazovutwa kwa nguvu kila wiki hung'oka na mizizi, na dawa yake ni kuzipumzisha. Vidonda vinavyotoa maji yanayoganda na kuwa na rangi ya asali ni vya bakteria, na hivyo huitikia antibiotiki upesi. Ukiona mayai meupe yaliyong'ang'ania nywele, hao ni chawa.

Mtu mzima ni habari nyingine. Baada ya balehe mafuta ya asili ya kichwani huizuia fangasi hii, kwa hiyo mapunye ya kichwani kwa watu wazima ni machache. Mama au papa mwenye magamba na mwasho wa miaka mingi, pamoja na ukurutu kwenye nyusi na pembeni mwa pua, huenda ana mba mkali. Unatulizwa kwa shampuu ya ketokonazoli, nao una tabia ya kurudi. Ukiwa mwingi kupita kawaida na umekuja ghafla, apime VVU, kwa maana mba wa namna hiyo huwapata sana watu ambao kinga yao imeshuka.

Siku ya kwenda kituo cha afya

Usimpake mtoto kitu siku hiyo. Usiende naye akiwa ametoka kunyolewa upara, maana muuguzi anahitaji kuona magamba na nywele zilizokatika. Mpeleke na ndugu zake wote wanaotumia kitanda kimoja naye, na ukiweza, hata yule unayeona ni mzima.

Hospitali yenye maabara iliyozoea kazi hii itakwangua magamba na kuchomoa vipande vya nywele ili kuviangalia kwa darubini. Ukipata nafasi hiyo, ipokee. Kuotesha fangasi maabara huchukua wiki kadhaa, na si lazima kungoja majibu ili kuanza dawa kama dalili ziko wazi.

Omba mtoto apimwe uzito. Sisitiza. Dawa hizi zinatolewa kwa kilo, na mtoto aliyekadiriwa kwa macho hupewa dozi ndogo, kisha watu wanasema dawa imeshindwa.

Vidonge

Kinachopatikana zaidi ni griseofulvini, dawa ya zamani iliyogunduliwa mwaka 1939 ndani ya kuvu, ambayo hadi leo inafanya kazi yake vizuri. Watoto wa mwaka 1 hadi 12 hupewa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, bila kupita miligramu 500. Mtoto wa kilo 20, basi, anahitaji miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Ukiona umeandikiwa kiasi kilicho mbali na hapo, uliza kwa heshima: "Daktari, umehesabu kwa kilo ngapi?" Muda wake ni wiki 6 angalau, na mara nyingi hufika 8, hata 12.

Griseofulvini hupenya mwilini vizuri ikiliwa na chakula chenye mafuta. Hapa penye Kivu hatuna shida ya chakula hicho. Mpe kidonge katikati ya mlo wenye maharage yaliyopikwa kwa mawese, au sombe, au sambaza za kukaanga. Avoka nusu inatosha. Kikombe cha maziwa mazito ya Masisi kinatosha pia. Kidonge kilichomezwa asubuhi kwa chai kavu, mtoto akakimbia shule, sehemu yake kubwa hupita tumboni bure. Mimi ningekupa ushauri wa kuchagua mlo wa jioni, kwa sababu ndio mlo ambao familia nyingi mjini zina uhakika nao. Mtoto asiyeweza kumeza, kisage kidonge ukichanganye na kijiko kimoja cha uji au maziwa. Usikimwage kwenye sahani nzima, maana asipoimaliza hutajua amemeza kiasi gani.

Kuna pia terbinafini, ambayo kidonge chake kwa kawaida ni cha miligramu 250. Chini ya kilo 20 mtoto hupewa robo, kilo 20 hadi 40 nusu, zaidi ya kilo 40 kidonge kizima, mara moja kwa siku, kwa wiki 4 hivi. Ni fupi zaidi. Lakini fangasi za mapunye si za aina moja: zile za jamii ya Trichophyton huondolewa vizuri na terbinafini, za jamii ya Microsporum huitikia griseofulvini zaidi. Ndiyo sababu jirani anaweza kukusifia dawa iliyomponya mwanawe nayo isimponye wako. Aliyewahi kuugua ini aseme kabla ya kupewa yoyote kati ya hizo mbili.

Vidonge vya ketokonazoli visimezwe kwa ajili ya mapunye. Tangu 2013 Ulaya na Marekani zilitoa onyo kali juu yake kwa sababu ya kuharibu ini. Shampuu yake haina shida hiyo.

Griseofulvini ni marufuku kwa mwanamke mjamzito, na hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Binti mkubwa au mama mwenye mapunye aseme hali yake waziwazi, na anayenyonyesha pia. Mwanamume anayeimeza asitafute mtoto wakati wa dawa na kwa miezi 6 baada yake. Pombe iachwe kabisa. Kwa watoto, yanayosumbua ni maumivu ya kichwa na tumbo kidogo, na ngozi kuungua upesi na jua, hivyo avae kofia yake mwenyewe.

Katika siku za mwanzo, watoto wengine hutokwa na vipele vidogo vinavyowasha usoni, masikioni, shingoni au kifuani. Wazazi wanaogopa, wanasema dawa imemkataa, wanaiacha. Mara nyingi huo ni mwili wenyewe unaopambana na fangasi inayokufa, na dawa inaendelea. Mwonyeshe muuguzi. Ila midomo ikivimba, mtoto akishindwa kupumua vizuri, ngozi ikitoa malengelenge au macho yakiwa ya njano, hapo acha dawa na umkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya matibabu yote. Kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 6 ni vidonge 42. Kama pesa haitoshi kwa mara moja, nunua kwa wiki na uitenge ya wiki zijazo mapema, maana famasi inaweza kuishiwa na mfuko pia. Chukua vidonge vilivyo ndani ya pakiti yao, vyenye jina na tarehe ya kuisha, usikubali vya kufungiwa kwenye kikaratasi. Chora mstari kwenye kalenda ukutani kila siku anapomeza. Akisahau leo, ameze akikumbuka. Kesho asimeze viwili.

Kunyoa na kuosha

Kata nywele fupi kichwa kizima, au angalau kwenye madoa na kuyazunguka. Kunyoa hakuponyi, ila kunaondoa nywele zilizojaa fangasi na kuipa sabuni njia. Tumia mkasi au mashine, usitumie wembe, kwa kuwa wembe unakata ngozi iliyokwisha kuchoka na kufungua mlango wa bakteria. Nyolea mtoto juu ya gazeti kuukuu, kisha nywele zote na gazeti lake zitie motoni. Usizipeperushe uani ambako wenzake wanacheza. Msichana anayelia kwa ajili ya nywele zake, mpe kitambaa kizuri cha kichwa, viwe viwili ili kimoja kioshwe, na umwambie ukweli kwamba zitaota tena.

Kisha kuosha. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, au ya seleni sulfidi, hupakwa mara mbili au tatu kwa wiki. Lowesha kichwa, paka, sugua kwa ncha za vidole bila kucha, halafu ngoja dakika 5 kabla ya kusuuza. Dakika hizo ndizo dawa yenyewe. Anayepaka na kumwaga maji papo hapo ameosha tu. Maji yetu ni ya bidoni na yanabebwa kutoka mbali, najua, lakini kazi hii haihitaji bidoni zima: kopo mbili za kulowesha na nne za kusuuza zinatosha kichwa kilichonyolewa. Siku nyingine tumia sabuni ya kawaida na maji.

Baada ya kukausha, paka krimu ya mikonazoli au pomadi ya Whitfield asubuhi na jioni kwenye madoa, ukivuka ukingo wake kidogo. Hapa pomadi ina kazi: inaua fangasi ya juu isiambukize wengine wakati vidonge vinashughulikia ile ya ndani. Whitfield inauma kwenye ngozi iliyochubuka na isikaribie macho. Nawa mikono ukimaliza.

Nyumba nzima

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibikia. Mtoto anapona, nduguye aliyelala naye anamrudishia. Anaweza kuwa hana hata doa moja, ila amebeba fangasi kichwani. Kwa hiyo wote wa nyumba waoshe kwa ile shampuu mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa, na yeyote mwenye doa atibiwe kwa vidonge wakati uleule. Mkague pia paka anayewinda panya jikoni. Akiwa na mabaka yaliyonyonyoka manyoya, watoto wasimshike mpaka atibiwe, kwani aina moja ya fangasi hii hutoka kwake.

Kila mtoto awe na kitana chake na taulo lake. Fangasi inaishi miezi mingi kwenye kitana, kofia na kitambaa. Toa nywele kwenye vitana, vioshe kwa sabuni, kisha viloweke nusu saa kwenye javeli (dawa ya klorini ya kufulia): kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe tisa vya maji baridi. Changanya mahali penye hewa, usitie kitu kingine chochote ndani yake. Foronya, shuka na kofia zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki na zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Msimu wa mvua, jua likikosekana, pasi ya makaa inamaliza kazi. Kama watoto ni wanne kitandani na hakuna kitanda kingine, mgonjwa alale mwisho, kichwa chake kielekee kwenye miguu ya wenzake, na kitambaa safi kichwani.

Kuna mashine ya kinyozi pia. Kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba, saluni zinajaa, na mashine moja inapita kwenye vichwa vya mtaa mzima bila kupumzika. Mwambie kinyozi apige meno ya mashine brashi, ayafute kwa alkoholi ya asilimia 70 na kuyaacha yakauke, mbele yako. Kinyozi mwema hachukii. Mwenye mapunye anyolewe nyumbani mpaka apone.

Uvimbe laini wenye usaha

Watoto wengine mwili wao hupambana na fangasi kwa nguvu mno. Linatokea vimbe linalobonyea ukiligusa kama avoka iliyoiva, linauma, linatoa usaha kwenye vitundu vingi, na nywele za juu yake zinatoka bila kuvutwa. Tezi za shingo zinakuwa kubwa, pengine na homa. Kila anayeliona anadhani ni jipu. Lisipasuliwe! Usaha huo unatokana na mapambano ya mwili dhidi ya fangasi. Kupasua kunaongeza kovu tu, na penye kovu nywele hazioti tena maisha yote. Amoksisilini ya famasi haitaliponya peke yake. Dawa ni vidonge vilevile vya fangasi, vianze haraka, pamoja na parasetamoli ya maumivu. Lainisha magamba kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, uyatoe pole pole bila kuyabandua kwa nguvu. Daktari ndiye ataamua kama bakteria wameongezeka na antibiotiki inahitajika. Ukipewa barua ya kwenda Hospitali ya Mkoa au hospitali ya HEAL Africa kwa jambo hili, nenda siku hiyohiyo.

Usivipake hivi

Petroli, mafuta ya taa, maji ya betri, kitunguu saumu kilichotwangwa: vyote vinaunguza, na kovu la kuungua ndilo linaloiba nywele. Hatari isiyoonekana ni zile tyubu zenye klobetasoli au betametazoni, ambazo wengi wanazinunua kwa kung'arisha ngozi. Mwasho unapoa siku mbili, wekundu unafifia, mama anafurahi. Kumbe kinga ya ngozi imelazwa na fangasi inatanuka chini kwa chini. Soma jina la dawa kwenye tyubu, hata lile lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Shule

Mtoto akishaanza vidonge na shampuu, anaweza kuendelea na masomo. Omba kituo cha afya kikuandikie karatasi, umpelekee mwalimu mwenyewe, mzungumze. Asibadilishane kofia wala kitana na wenzake. Mtoto wa mapunye hutaniwa sana, na kumweka nyumbani wiki 8 ni adhabu ambayo hakuifanyia kosa lolote.

Papa mwenye vipele kisogoni

Wanaume wengi wana shida tofauti: vipele vigumu vinavyouma kwenye kisogo, vinavyorudi kila baada ya kunyoa na mwishowe kuwa makovu yaliyovimba. Kiini chake ni nywele fupi zilizojikunja zinazowasha ngozi, na bakteria wanaingia baadaye. Acha kunyoa upara. Bakisha nywele milimita chache, kataa wembe kwenye mstari wa shingo, na uepuke kola inayosugua. Osha kila siku kwa sabuni ya kuua vijidudu. Ukiona makovu yameanza kuinuka, muone daktari mapema, kwani yakishakua ni kazi kuyarudisha.

Utajuaje kwamba amepona

Mwasho hupungua wiki za mwanzo, kisha magamba, na nywele ndizo za mwisho. Mwasho kuisha si ruhusa ya kuacha vidonge. Wiki ya 4, mkague tena juani: madoa yasiwe yameongezeka, na pembeni pawe na vinywele vipya vifupi. Wiki ya 6 mrudishe kituoni hata kama anaonekana mzima. Kama bado kuna magamba au vidoti vyeusi, muda unaongezwa.

Na kama hakuna lililobadilika kabisa, jiulizeni pamoja na muuguzi: Alimeza kila siku? Alimeza na mafuta? Dozi ilifuata kilo zake? Nani nyumbani hajatibiwa? Majibu yote yakiwa mazuri, ndipo ibadilishwe dawa au nywele zipelekwe maabara.

Nywele zikisharudi kwenye doa lote na ngozi ikiwa safi, subiri zifike urefu wa kushikika kabla ya kumsuka msichana. Zile mistari za kwanza ziwe legevu, kwa kitana chake mwenyewe, na msusi anawe mikono kabla ya kumgusa.